Kondoo Kumi na Wawili wa Delphine

Elisabethville, Komini Albert
Tarehe 3 Juni 1962

Mpendwa mpwa wangu Paulin,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Régine. Je, homa ya mtoto imepungua? Sisi tu wazima, ingawa magoti yananisumbua, na mjini hatutembei ovyo kwa sababu ya vizuizi vya askari.

Nimeisoma orodha iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya mifugo, ya wafugaji watakaopewa msaada wa serikali kwa kila kondoo. Kwa upande wa Kasenga, wewe uko mstari wa tisa: kondoo thelathini na mmoja. Chini yako limeandikwa jina langu, kwa kuwa mwaka jana nilikudhamini. Lakini nilidhamini kondoo kumi na tisa, na kondoo hawazai upesi hivyo.

Kumi na wawili hao najua walikotoka, nawe unajua. Ndio wale ambao marehemu Dominique alimnunulia mkewe, mama yako mdogo Delphine, kwa mshahara wake wa reli. Delphine alikuachia uwachunge alipokimbilia kambi ya wakimbizi na watoto wake, kwa sababu baba yao alikuwa Mkasai, na Wakasai walikuwa wakisakwa.

Ningeweza kudhani kwamba karani alikosea. Ila siku ya Jumanne, Kalaba, muuza samaki, alipita kwangu akicheka: "Baba Stanislas, mupwa yako iko tajiri! Kondoo zake zote sasa ziko na masikio mbili ya kukatwa!" Sikucheka. Kondoo wa Delphine wamekatwa alama katika sikio la kushoto. Wako, katika la kulia. Kwetu mtu hagusi sikio la mnyama aliyeachiwa, hata mwenyewe akikaa mbali miaka kumi. Babu yako alimfukuza mchungaji kwa kosa hilo hilo.

Jana nilikwenda kambini kumweleza dada yangu Delphine. Alikuwa akikwangua sufuria. Nilitarajia atalia, badala yake alinikemea mimi kaka yake mkubwa. "Yaya, wacha mutoto! Kama alisema jina yangu, askari bangekula ile kondoo siku ile ile. Alizificha tu." Nikamwuliza kama ni yeye aliyekuagiza kukata. Aliendelea kukwangua sufuria iliyokwisha kutakata.

Paulin, sijui kama umewaficha au umewachukua. Kwa kuwatazama masikio hakuna awezaye kujua. Ni wewe tu.

Delphine anaondoka kwenda Kasai kwa gari la moshi Alhamisi tarehe 14, pamoja na mwanawe Ngalula na wadogo zake. Huenda asirudi tena. Akiondoka bila karatasi, hana kondoo. Kesho yake karani ananitaka nitie sahihi, ndipo ulipwe.

Basi andika kwa mkono wako kwamba kumi na wawili ni wa Delphine, pamoja na watakaozaliwa nao, na kwamba msaada wao ni wake. Régine na katekista watie sahihi. Karatasi hiyo mpe Kalaba, anayekuletea barua hii. Atarudi huku tarehe 13. Nikiipata, nitathibitisha kwamba unawachunga thelathini na mmoja, maana hilo litakuwa kweli. Nisipoipata, nitaliondoa jina langu mbele ya karani na kusema sababu. Najua utakamatwa. Najua pia kwamba kondoo wa dada yangu watapotea pamoja na wako, naye hatanisamehe. Hata hivyo sitatia sahihi juu ya uongo.

Msalimie Régine, na mzee Godefroid, baba mkwe wako. Mungu amponye mtoto, na akutie nguvu ya kushika kalamu.

Alhamisi hiyo nitakuwa stesheni. Delphine hajui kusoma. Ameniomba nimsomee jibu lako kabla gari halijaondoka. Amekwisha kumwambia Ngalula kwamba umeandika.

Mjomba wako, ambaye hajaacha kukupenda,
Stanislas