Baba Amekuwa Kimya Tangu Uondoke

Mama,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, hapa Matembwe. Nimemrudisha Baba nyumbani.

Haumwi, Mama. Afadhali angeumwa, ningejua pa kumshika. Anaamka, ananawa, anavaa koti, halafu anakaa kitandani mpaka jua lipande. Akila matonge mawili anasema ameshiba. Kwaya ameacha. Yeye, aliyekuwa anakununia ukichelewa mazoezi! Majirani wanasema ni uzee tu. Na mimi nilitaka sana iwe hivyo.

Nilimchukua nikaenda naye kwangu Makambako, nikidhani watu na magari vitamchangamsha. Akawa anashinda sebuleni, anaitazama televisheni iliyozimwa. Siku moja nilimkuta amejibana pembeni mwa kochi.

"Baba, sogea ukae vizuri."

"Mama yako atakaa wapi?"

Kisha akanitazama. Akajua alichosema. Mama, sijawahi kuona uso kama ule. Nilikimbilia chumbani nikalia huku nimeziba mdomo kwa kanga.

Nikampeleka zahanati. Daktari, binti mdogo tu, alimuuliza kama analala, kama kuna kitu bado kinampa raha. Nilidhani atakaa kimya. Akajibu, "Mwanangu, kila kitu kimepoa." Daktari akasema ni sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, bado haijawa kali, na si uzee. Akasema tusimwache peke yake, tumpe nafasi ya kuongea, na tumrudishe akaonwe tena. Tulipotoka nje Baba akaniomba kitu kimoja: arudi kwake.

Leo asubuhi, ukungu haujaondoka, alisimama mlangoni amevaa viatu. "Twende kwa mama yako." Tangu tukuzike alikuwa hajawahi kukanyaga kaburini. Tulitembea polepole, ameshika mkono wangu. Alipofika akapiga magoti, akaanza kukusimulia kwa Kibena: mvua, parachichi, ng'ombe aliyezaa. Alisimulia kama mtu aliyetoka safari. Halafu akasema, "Umeniacha na nani?" akalia. Alilia kwa sauti, Mama. Baba yangu huyu. Nami nikalia naye, sikumwambia anyamaze.

Sasa amelala. Sijui kesho atakuwaje, na moyo wangu bado unauma vibaya, maana na mimi sina mama.

Pumzika, mama yangu. Wiki ijayo nampeleka tena kwa daktari. Na akijisahau akakuita, nitaitika mimi.

Mwanao