Kwa Izak Pekeur, Aliyebeba Kosa la Ghala la Sheri

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Agosti tulipokuzika hapa Worcester, mvua ikinyesha na theluji ikiwa milimani. Waliokuja walikuwa wachache. Tunaandika leo kwa sababu sasa tunajua kwa nini walikuwa wachache, na kosa halikuwa lako.

Ulifanya kazi miaka thelathini na minane katika ghala la mvinyo la Oudemuur. Wakubwa kwa wadogo walikuita Oom Izak, yaani Mjomba. Poti changa nyekundu, ule mvinyo mtamu mzito, uliijua kwa harufu tu. Poti ya zamani, ile iliyokaa kwenye mbao hadi ikageuka rangi ya chai, uliichanganya wewe, ingawa aliyetia sahihi alikuwa mwingine. Sheria ilipoyaondoa majina ya poti na sheri kwenye chupa zetu, uliendelea kuyatumia. Ulisema mvinyo wenyewe haujapewa taarifa.

Lakini moyo wako ulikuwa kwenye sheri kavu, mvinyo mweupe mkali usio na utamu. Hiyo hukaa kwenye mapipa yasiyojaa, na juu yake huota utando mweupe wa hamira, mwembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Utando huo ndio unaoulinda mvinyo na kuupa ladha, nao unataka hewa. Ule wa Oudemuur ulikuwa hai tangu enzi za babu yake Bwana Naudé, mwenye ghala. Kila asubuhi uliumulika kwa tochi, ukauamkia. Ulionja, ukatema. Hukumeza hata siku moja. Ulevi wako ulikuwa chai ya rooibos yenye sukari vijiko vitatu, Mama akigomba.

Mwanao Ruwald alirudi kutoka chuoni mwaka 2017, wa kwanza katika mtaa wetu kuajiriwa Oudemuur kama mtengenezaji mvinyo. Ulimpigia pasi koti lake la kazi, ukaenda kulitundika mwenyewe ghalani.

Jumamosi moja ulikwenda mazishini Genadendal ukamwachia ufunguo. Ruwald akaona mapipa ishirini ya sheri yana nafasi juu, akaogopa hewa, kwa kuwa darasani alifundishwa kuiogopa. Somo la sheri lilikuwa la siku moja, na siku hiyo hakwenda. Akaburuta pampu peke yake, akayajaza mvinyo hadi mdomoni. Alitaka urudi ukute kazi imefanyika, umsifu.

Utando ukazama. Baada ya wiki kadhaa mvinyo ulinuka siki. Bwana Naudé akawaita nyote wawili ghalani. Mwenye ufunguo alikuwa wewe. Ruwald alishajua kuwa ni yeye. Alikuwa bado anatafuta neno la kuanzia pale uliposema:

"Niliyajaza mimi."

"Wewe, Izak? Baada ya miaka yote hii? Ulikuwa umelewa?"

Ulimtazama mwanao, si kwa muda mrefu. Kisha ukajibu, "Andika unavyoona, bwana."

Ruwald alikuwa na kinywa. Aliinamisha macho akatazama viatu vyake.

Mkiwa njiani alilia, ukamwambia, "Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi namalizia. Na mama yako asijue, maana hataweza kunyamaza."

Ulistaafishwa wiki hiyohiyo, na neno likakutangulia nyumbani: mlevi. Nasi, watu wako, tukaliamini. Mama alianza kukunusa pumzi mlangoni kila jioni ulipotoka kwenye vibarua vyako vya bustani. Baada ya muda hukungoja kuambiwa. Ulivua kofia, ukainama, ukafungua kinywa. Merle, binti yako, alipoolewa, alimwomba baba yake mdogo Dawid amsindikize kanisani, wewe usije ukayumba mbele ya wakwe. Uliamka alfajiri ukampigia Dawid viatu rangi, kisha ukakaa kiti cha nyuma.

Ruwald aliyaona yote hayo kwa miaka sita. Alipanda cheo. Kila alipoazimia kusema alipata sababu ya kungoja: kwanza kazi, kisha harusi yake, kisha ugonjwa wako. Ulipokata roho alikuwa amekushika mkono, na hata hapo hakusema.

Mwezi wa tano mwaka huu, tukila kwa Mama, Merle akiwa mjamzito, Mama alisema mtoto akiwa wa kiume aitwe Izak.

"Niache, Mama," Merle akasema. "Nimpe mwanangu jina la mlevi?"

Ruwald akaweka kijiko chini, akaeleza kila kitu, kuanzia pampu hadi maneno yako ya njiani. Merle alifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unaniona nikimnusa?"

"Nilikuwa nakuona, Mama."

Mama akaichukua sahani ya Ruwald iliyokuwa bado na chakula, akaimwaga. "Mtaa mzima ulisikia ule uongo," alimwambia. "Mtaa mzima utasikia na hili, kwa kinywa chako. Kabla ya hapo usile kwangu."

Kesho yake Ruwald alisema mbele ya Bwana Naudé na wafanyakazi wote. Bwana Naudé alishauri marehemu aachwe apumzike. Ruwald akamjibu kwamba ulipokuwa hai hakuna aliyekuacha upumzike, akarudisha funguo. Sasa anaosha mapipa katika ghala la ushirika kule Robertson. Tangazo hili atalisoma mwenyewe kanisani Jumapili, kila mtu akiwepo. Kama Mama atamrudishia kiti mezani, hilo tumemwachia yeye.

Hatukutangazi shujaa, ungekasirika. Tunasema tu kwamba kwa miaka sita ulitusamehe kila siku, na sisi tukadhani ndio tunaokuvumilia.

Tunaokukumbuka kwa aibu na kwa mapenzi ni mkeo Katriena; mwanao Ruwald na mkewe Charlene; binti yako Merle na mumewe Clive; mdogo wako Dawid; na mjukuu wako aliyezaliwa juma lililopita, Izak. Maadamu tuko hai, hatutalitaja jina lako bila kuutaja na ukweli wake.