Mkono Kwenye Mlango wa Pikapu

Baba,

Ile pikapu ya mzee wa mbao imeisha. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Nimekalia stuli yako hapa nje, Kawangware, na hakuna mtu wa ploti anayepita upande huu. Watoto wanazungukia nyuma ya choo. Wanakuogopa, Baba. Hata mimi nilikuogopa, wacha nikueleze.

Tulikuzika nyumbani vizuri. Baada ya kunyolewa nywele za matanga, watu wakaketi kugawana vitu vyako kama desturi yetu, na Baba Mdogo, huyo ndugu yako, akasema kompresa yako ya kupulizia rangi ni yake. Ati msichana hawezi kupiga magari rangi, ati nitaharibia watu mali. Unajua mdomo wangu. Nilimuuliza mbele ya wazee, mkono wako ukichoka ni nani alikuwa anashika gani, ile bunduki ya rangi, ni yeye? Wazee wakakohoa kohoa. Mwisho wakakubaliana nirudi Nairobi nimalize pikapu uliyoacha, na Baba Mdogo aje aikague. Ikitoka safi, kompresa ibaki kwangu. Ikitoka vibaya, aibebe, nami niachane na kazi hii.

Nilidhani ni ya asubuhi moja. Ulikuwa umeshatengeneza kila kitu. Bodi umesugua na kupangusa, praima, ile rangi ya chini, imekauka, vioo umefunika magazeti. Nikafanya vile ulinifundisha tangu tukiishi Lindi, kule Kibera. Nilingoja umande uishe, maana hewa ikiwa na unyevu rangi inafanya weupe kama ukungu. Nikamwagia uwanja maji ili vumbi lilale. Nikafungua kompresa chini ikatema maji yake, nikachuja rangi kwa kipande cha soksi ya nailoni. Nikapiga mkono ukienda sawa na bodi, si karibu itiririke, si mbali ikaukie hewani ibaki na vipele kama ganda la chungwa. Boneti ikatoka kioo kabisa.

Nikafika mlango wa dereva. Hapo, Baba, rangi ikaanza kukimbia yenyewe.

Kitundu kimoja, halafu kingine, kila kimoja duara, praima ikichungulia ndani. Yale tunayoita macho. Lakini macho hutawanyika ovyo, haya yakajipanga. Vidole vinne juu, gumba kando, kiganja chini. Na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje. Nairobi hii yote, nani mwingine ana kidole hicho?

Mama Kamau wa mlango wa pili alikuja na beseni lake, akatazama. "Huyo ni baba yako," akasema. "Amekataa." Akarudi ndani akajifungia, na jua lilikuwa utosini. Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa inajua, na nadhani kuna mtu alimpigia Baba Mdogo simu, kwa sababu alituma ujumbe kwamba anakuja na gari la kubebea.

Nikaacha rangi ikauke, nikaisugua kwa msasa na maji mpaka mlango ukawa laini, nikapiga tena. Nikasimama. Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu, nikaanza kupumua. Halafu kile kidole kilichopinda kikafunguka cha kwanza, polepole, kama mtu anaamka. Vingine vikafuata. Nikasema kwa sauti, "Baba, wacha mchezo!" Na unajua vile kompresa hukohoa kabla haijashika? Ilikohoa, lakini ilikohoa kama wewe zile wiki zako za mwisho. Gani ilinitoka mkononi.

Asubuhi nilipofungua mlango, uwanja mzima ulinuka yale mafuta yako ya kukamulia ng'ombe, uliyokuwa unajipaka mikononi. Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilisema, huyu mzee amenifundisha kazi miaka yote, leo ananinyang'anya akiwa kaburini.

Nikakaa hapa kwenye stuli, nikautazama ule mkono. Nikaweka wangu mbele yake bila kuugusa. Wako ulikuwa mkubwa zaidi. Nikakumbuka ulivyokuwa unaniambia nikianza kuogopa kazi. Ulikuwa unaniita Mama, kwa vile nimebeba jina la mama yako. "Mama, rangi haina uchawi. Ikikimbia, kuna mafuta chini yake." Ndipo mguu wangu ukagonga mkebe chini ya stuli. Mafuta yako, wazi, bila kifuniko, tangu siku ile.

Nilielewa yote kwa mara moja, nikashika kichwa.

Siku ile ulikuwa umemaliza. Ulinawa mikono kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, ukajipaka mafuta, maana thina ilikuwa inakupasua viganja mpaka damu. Wewe ambaye hukuruhusu hata mwenye gari aguse gari lake likishapanguswa! Halafu kifua kikakubana, ukashika kilichokuwa karibu, mlango huu. Mimi nilikuwa nimeenda dukani kununua utepe wa kubandika magazeti. Niliporudi ulikuwa umeketi chini, mgongo kwenye mlango huo, na Mama Kamau alidhani umepumzika. Mafuta yakabaki juu ya praima na hakuna jicho la mtu lingeyaona. Nami nikaja na msasa kabla ya kupangusa, nikazidi kuyasukuma ndani.

Hukuwa unakataa. Ulikuwa unajishikilia usianguke. Aki Baba, afadhali ungekuwa pepo.

Dawa yake naijua. Toa rangi yote ya mlango huo kwa thina mpaka kwenye bati. Kitambaa kimoja kibichi, kingine kikavu kikifuata nyuma kabla haijakauka, na usirudishe upande uliochafuka. Nikalowesha kitambaa, nikakikunja, nikashindwa. Kila kitu chako kingine kiko chini ya udongo. Huo ndio mkono pekee ulikuwa umebaki huku juu, nami ndiye nilikuwa nautoa. Nikiuacha, kazi yetu inapotea. Nikiufuta, unaenda wewe. Nilisimama mpaka thina ikakauka kwenye kitambaa, nikalowesha upya. Nikaanza na kiganja. Nikaja kwa gumba. Kila kidole nilikiambia pole. Kile kilichopinda nilikiacha cha mwisho, na nilipokifuta nililia kwa sauti, ploti yote ikasikia, na hakuna aliyetoka.

Leo asubuhi, praima mpya ikiwa imekauka, nikapiga rangi ya mwisho. Nikasimama kungoja. Nitakwambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilitaka ufunguke. Kompresa, pikapu, Baba Mdogo, vyote nilivisahau, nikawa nanong'ona, "Fungua, Baba, fungua kidogo tu." Mlango ulitulia. Nilijiona ndani yake, peke yangu.

Baba Mdogo alifika na gari lake la kubebea. Alichuchumaa, akatazama mlango mwanga ukiupiga kwa upande, akazunguka pikapu akitafuta kosa kwa moyo wake wote. Mwishowe akaomba chai. Amebeba kofia yako tu, kompresa imebaki kwangu. Langoni alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mkono ulionekana. Nikamwambia, ulionekana, na umeenda.

Basi lala, Baba. Nakuahidi kila gari litakaloingia hapa nitalipangusa kwanza ndipo nilisugue, na nitamfundisha hivyo atakayenifuata. Nawe niahidi jambo moja. Usishike tena gari la mtu. Ukijisikia unaanguka, hata kama ni huko uliko, njoo unishike mimi. Sitageuka kuangalia, na sitapangusa.

Ni mimi, Mama yako.