Baba Yako Amecheka

Hilary mwanangu,

Hapa Buger wote wazima. Majirani nimeshawaambia kwamba Wazungu wa kambi ya watalii ya Engaresero hawali mpaka upike wewe.

Jumapili parokiani walituonyesha filamu ya Kiingereza ya kuchekesha. Askari hataki vita, anajificha kwenye pipa, anakimbia na kaptula ya mkubwa wake. Katekista alitutafsiria kwa Kiiraqw. Baba yako, ambaye hajakutaja tangu ulipotoroka mafunzo ya mgambo, alicheka mpaka machozi.

Akasema, "Huyu si Hilary kabisa?"

Nikamjibu, "Wetu ana sura nzuri, na mbio zaidi."

Hakubisha. Leo asubuhi nimemkuta anabadilisha bati la chumba chako. Anasema linavuja, na mvua hatujaiona tangu Mei. Rudi, mwanangu.

Mama yako anayejivunia wewe,
Cresensia