Walichokikuta Tumboni mwa Babu

Shule ya Wasichana,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote naomba ukae. Weka mboga pembeni, vuta kigoda, usome taratibu. Baba aliniambia kwamba darasa la watu wazima umelimaliza na cheti umekipata, kwa hiyo barua hii nimekuandikia wewe mwenyewe, si mwalimu wa kukusomea. Isome peke yako kwanza. Ukiimaliza utaamua nani wengine wasomewe.

Mimi sijambo. Sweta uliyonifumia naiweka chini ya mto, maana huku joto halipumziki hata siku moja. Je, mguu uliojikwaa shambani umepona? Mvua ya Lufingo imewaachia nafasi ya kuanika kahawa?

Babu ni mzima, Mama. Leo asubuhi amemaliza bakuli mbili za uji na kumlalamikia nesi kwamba ng'ombe wa Dar es Salaam hawajui kutoa maziwa. Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu Baba aliporudi huko alikuwa hajui lolote zaidi ya kwamba Babu amepewa kitanda.

Hapa hospitali kuu yuko daktari mpasuaji anayeitwa Daktari Rashidi. Kazi yake ni mishipa ya damu, hasa ule mshipa mkuu unaotoka moyoni na kushuka hadi tumboni. Anafanya utafiti. Ana daftari kubwa ambamo kila mgonjwa ambaye mshipa huo umeumia au umetuna ana ukurasa wake na mchoro wake. Wengi huletwa mshipa ukiwa umeshapasuka, hata jina hawawahi kuandikwa. Anataka kujua kwa nini mshipa hutuna, na namna ya kuuwahi. Mkuu wa shule aliniruhusu kwenda kila mchana kutafsiri, kwa sababu Babu Kiswahili anakijua, lakini jambo likiwa zito anarudi kwenye Kinyakyusa.

Siku ya kwanza daktari alimuuliza kama aliwahi kupigwa au kuangukiwa na kitu tumboni. Babu alijibu kwa Kinyakyusa, maneno marefu. Alisema watu wa kijijini walishamwona akioga mtoni, wakaona tumbo lake linaruka lenyewe, wakasema ni chatu wa uchawi. Alisema tangu tulipohamia kijiji kipya na nyumba zikakaribiana, hana pa kujificha. Akasema mjukuu wake Lusajo, mwanao, alipofariki kwa homa, watu walisema ni chatu yule aliyetumwa, na tangu siku ile chakula chake hakikutoka tena nyumbani kwa mwanawe, yaani kwetu.

Mama, niliona aibu. Nilimwambia daktari, "Anasema hapana."

Babu alinitazama tu. Kumbe Kiswahili hicho alikielewa vizuri. Daktari naye aliweka kalamu chini.

"Babu yako amesema maneno mengi," aliniambia, "wewe umeniletea mawili. Nikiandika uongo humu, atakayekuja baada yake ndiye atakayeumia."

Basi nilimweleza yote, hata la Lusajo, hata la chakula. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua mkono mmoja wa Babu akauweka juu ya tumbo, ule wa pili akauweka kwenye kifundo cha mkono, pale manesi wanapohesabia mapigo. Akamwambia asikilize.

"Mzee, nyoka angekuwa na mwendo wake mwenyewe. Huyu anafuata moyo wako, hatua kwa hatua."

Babu alisikiliza muda mrefu. Kisha, kwa Kiswahili chake cha mgodini, akasema, "Na wewe lala, nikushike."

Manesi wawili walishtuka. Daktari alivua koti jeupe, akalala kwenye kitanda kilichokuwa wazi. Yeye ni mwembamba kama mwanzi. Babu alimbonyeza tumbo kama anavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva, akatulia, akasema, "Na wewe unaye." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Subilaga, jishike." Nilijishika, Mama. Ukilala chali usiku wa leo na kubonyeza juu kidogo ya kitovu, nawe utausikia mshipa huo ukiruka. Kila mtu anao. Wa Babu ulikuwa umetuna tu, kama mpira wa baiskeli unavyofanya uvimbe pale palipochakaa.

Hapo ndipo Babu alipolikumbuka gogo. Ujanani, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, gogo la kuzuia udongo lilimpiga tumboni. Alilala siku tatu, akafunga kitambaa, akarudi kazini, na hakumwambia mtu kwa sababu alikuwa anatafuta ng'ombe wa kumwolea Bibi. Daktari aliandika kwa haraka mno. Lakini nilipomuuliza kama sasa amepata sababu, alisema hapana, mtu mmoja si ushahidi, ndiyo maana daftari lina kurasa nyingi.

Hakutuficha hatari. Alisema atafunga mshipa juu na chini, atakata palipotuna, na kushona bomba la kitambaa mahali pake. Kitambaa chenyewe nimekishika. Ni kama ile tetroni ya suruali za Baba za kanisani. Alisema katika daftari lake wako waliopona na wako ambao hawakuamka. Babu hakuuliza ni wangapi. Alisema kwa Kinyakyusa, nami safari hii nikatafsiri kila neno, "Zamani mtu akifa walimpasua waone kama ana chatu. Mimi nipasue nikiwa hai, ili nisikie jibu." Akataka kalamu. Nesi alikuwa ameshaleta wino wa dole gumba. Babu aliusukuma pembeni, akaandika jina lake lote, herufi kubwa kama migomba. Nawe ulikuwa darasa lile lile, ukikaa nyuma msionane uso, ulimsikia alivyohangaika na herufi K.

Ilihitajika damu. Mkuu wa shule alitangaza kwa walimu, wakaenda wanne, pamoja na mpishi wetu, mama wa Rufiji, kule kwenye mpunga. Babu alipoambiwa alisema sasa asilaumiwe akianza kutaka wali kila siku.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje tangu kengele ya asubuhi hadi watu walipoanza kutoka kazini. Nilikuwa na kitabu cha baiolojia, na sikufungua hata ukurasa. Daktari alipotoka, koti lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alisema, "Miguu yake ina joto. Damu inapita." Sikujua kama hiyo ni habari njema mpaka nilipoona nesi anatabasamu.

Babu alifumbua macho kesho yake. Hakuomba maji. Aliuliza, "Wamekuta nini?"

Daktari aliinama karibu. "Mshipa, mzee. Umetuna ukubwa wa embe, ukuta umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Tumeubadilisha."

"Kingine?"

"Hakuna kingine. Nimeangalia kila mahali, kwa sababu mjukuu wako aliniomba niangalie."

Babu aligeuza uso ukutani. Nilifikiri maumivu yamezidi. Kumbe alikuwa anasema ndaga, ndaga, asante kwa Kyala, Mungu wetu.

Kuhusu Lusajo, nilimuuliza daktari pia. Alisema hawezi kuitambua homa ambayo hakuiona. Ila alisema mshipa wa mtu hautoki ndani ya mtu huyo kwenda kumdhuru mwingine.

Babu aliomba kipande kilichokatwa aende nacho kijijini, lakini kimewekwa kwenye chupa kwa ajili ya utafiti. Akapewa mchoro kutoka kwenye ukurasa wake. Akaukataa kwa sababu haukuwa na muhuri. Alisema kwetu karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Daktari alienda mwenyewe kutafuta muhuri wa wodi, akaupiga mara mbili. Mchoro huo umo ndani ya bahasha hii. Umpelekee Mzee Asumile, balozi wetu wa nyumba kumi, na umwombe aubandike pale kwenye ofisi ya kijiji, muhuri ukionekana.

Nami, Mama, kama Mungu atapenda na masomo ya sayansi nikiyashinda, nataka siku moja nisomeke kwenye daftari kama lile, upande wa wanaoandika.

Nisalimie Baba, na umwambie kofia yake aliisahau, Babu ndiye anayeivaa wodini. Nisalimie Shangazi Tumpe, aliyemlisha Babu miezi yote hii. Na mdogo wangu Atupele, mwambie aoshe mikono, kuna kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Babu atasafiri baada ya wiki tatu. Sikulaumu kwa kile chakula, Mama. Ulikuwa umefiwa, na mila haikukuruhusu hata kumtazama mkweo usoni ili ujionee. Yeye naye hakulaumu. Alichonituma ni neno moja tu: "Mwambie mama yako kwamba Lusajo hata mimi nilimlilia, nikiwa peke yangu." Amesema akifika atakaa pale pale kwenye migomba, alipokuwa akisubiria chakula zamani. Akimwona Atupele anakuja na sahani, atajua barua imesomwa. Asipomwona, atanyoosha njia hadi kwa Shangazi, na hatauliza kitu.

Ndizi za maziwa bado anazipenda. Daktari amesema chumvi iwe kidogo.

Ni mimi mwanao, ninayekuombea,
Subilaga