Kichujio Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 12 Mei

Hili sijamwambia mtu, hata Dada. Kichujio namba 14 ni uongo, na uongo huo nimeuandika mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Baba alitakiwa kuvaa pampu zamu nzima — kidude cha kiunoni cha kuvuta hewa, mrija mpaka kwenye kola, na mwisho wake kichujio cheupe kinachonasa masizi ya injini za ndege. Nilipokwenda kuichukua, nikaikuta imening'inia kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo. Inanguruma peke yake kando ya soksi za watu. Baba yuko nje, anaelekeza ndege mahali pa kuegesha kwa fimbo zake mbili.

Nikaandika daftarini: kimevaliwa zamu nzima. Wiki yangu ya tatu tu ya kumsaidia mtafiti wa moshi hapa uwanja wa ndege. Kazi ya kwanza tangu nimalize shule.

Jumanne, 13 Mei

Nimemuuliza Baba tukiosha vyombo. Kwanza akajidai hasikii — miaka ishirini na miwili ya injini, sikio moja limechoka, ingawa habari za chai hulifikia. Kisha akasema wenzake walimcheka, eti mgonjwa aliyetoroka wodini na mrija wake.

Nikaendelea kusugua sahani ileile, nikimtazama. Sina silaha nyingine.

Ndipo likatoka lenyewe. "Mwanangu, wakiona nilivyojaa moshi watanipeleka ghalani nikahesabu mizigo. Mimi na karatasi wapi na wapi?"

Akakohoa, akasingizia sabuni.

Alhamisi, 15 Mei

Mama Mizani amepima vichujio vyote. (Ndivyo tunavyomwita mtafiti, maana hupima mpaka sukari ya chai yake.) Cha Baba cheupe kama maziwa. Akakigeuza kwa kikoleo, akaniita: "Binti yangu, njoo uone muujiza." Karani wa ofisini, madirisha yamefungwa, ana masizi mengi kuliko mtu anayesimama mbele ya injini.

Jumatatu anapeleka ripoti. Anataka ndege zikishaegeshwa zizime ile injini ndogo ya mkiani, zitumie umeme wa kebo. Lakini kwa kipimo hiki, amesema, maegesho ya akina Baba itabidi ayatoe kwenye orodha. Ushahidi hana.

Akaniuliza kama nakumbuka lolote la siku ile. Nikasema hapana.

Chembe zenyewe, alinifundisha, hata elfu moja zikipangwa mstari hazifikii unene wa unywele. Na Baba anazivuta tangu sijazaliwa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemweleza Baba habari ya orodha. Kwamba kebo haitafika kwao. Kwamba wenzake wote, hata waliomcheka, wataendelea kuvuta moshi kwa sababu ya msumari mmoja. Aliacha chakula nusu, na Baba haachi chakula.

Jumamosi, 17 Mei

Baba amekuja mwenyewe asubuhi kuomba pampu — mbele ya wenzake. Mmoja akamtania: "Mzee Fimbo, leo wodi gani?"

"Muulize daktari wangu," akasema, akanionyesha mimi. Nilitamani ardhi inimeze, ila kwa raha.

Zamu imeisha. Kichujio kimegeuka kijivu, katikati cheusi kama chini ya sufuria. Baba alikitazama muda mrefu. Hakutania.

"Kalamu unayo wewe, mama," akasema. "Andika ulichokiona."

Nimepiga mstari kwenye namba 14. Nimeandika pembeni: hakikuvaliwa, nilidanganya mimi. Nikatia sahihi. Hiki cha leo nimekifungia kwenye kisanduku chake kikauke mpaka Jumatatu, ndipo kipimwe.

Wakiamua kumtoa Baba uwanjani, atakuwa ametolewa kwa mwandiko wangu. Nimemwambia hivyo. Akasema mwandiko wangu ni mzuri, tangu darasa la kwanza.

Mama Mizani yuko kwenye korido, namsikia akitafuta funguo. Daftari la kazi nimeliacha wazi juu ya meza yake, na mimi nimekaa hapa naandika hili ili nisipate nafasi ya kukimbia.

Wewe, kama upo unayesoma, la kichujio si siri tena. Moja tu nitunzie. Baba alipokuwa ananikabidhi pampu, mikono yake ilitetemeka — ile mikono inayosimamisha ndege. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Asijue kwamba niliona.