Propela ya Mninga

Songea,
21 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Saleh,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Mimi sijambo, nakula, nalala, na baridi ya Songea sasa imenizoea, haining'ati kama mwaka wa kwanza. Hapo Tunduru mnaendeleaje? Mguu wa Mama Bakili umepoa? Wadogo waambie kalamu zao za rangi ninazo, wasinune.

Mjomba, ile klabu uliyonikubalia nijiunge, ukadhani ni ya kukaa darasani na kukokotoa, kumbe ni ya ndege! Ndogo lakini. Tunaziunda wenyewe kwa ubao wa povu, gundi na vijiti vya mianzi, tunaziendesha kwa rimoti. Mwezi wa tisa tutashindana na shule nyingine mbili za hapa mjini, kwenye shamba letu lililokwisha vunwa mahindi. Ndege zinapaa nne nne, zinazunguka nguzo, kila kona ni ya kushoto. Atakayemaliza mizunguko kwanza ndiye.

Sisi tuko daraja la wanaoanza, na sheria zake ukizisikia utacheka. Mota ni za aina moja kwa wote, zimetoka katoni moja. Betri hivyo hivyo. Propela, yaani lile panga dogo la mbele linalovuta ndege, ni ya plastiki, sawa kwa wote. Ndege ikiwa nyepesi kupita kipimo inabandikwa kipande cha chuma tumboni mpaka ifike. Mwalimu Aidan, mlezi wetu, anasema asubuhi ya shindano atapitisha kila ndege kwenye mizani na rula, na mtu asimletee machozi. Anasema sheria zimewekwa ili mtoto wa tajiri asitupite kwa mota ya bei mbaya. Tupitane kwa macho na vidole.

Kinachonikera ni hiyo propela ya plastiki. Ya kwangu inatetemeka mpaka pua ya ndege inalia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nimekuchorea hapo nyuma ya karatasi, kwa ukubwa wake kabisa, uone kitoto kinachonisumbua.

Mpwa wako akupendaye,
Zulfa


Tunduru,
2 Agosti 2024

Mpwa wangu Zulfa,

Waaleykum salaam warahmatullah. Marahaba, mama. Sisi wazima, Alhamdulillah. Mguu wa Mama Bakili umepona kiasi kwamba jana kanifukuza mpaka karakanani kwa mguu huo huo, eti nimeweka gundi kwenye sufuria yake ya maharage. Uongo mtupu. Ilikuwa ya wali.

Eti plastiki! Mimi Saleh, vitanda vya nusu ya mji huu vimetoka kwenye mikono hii, leo mpwa wangu arushe ndege yenye panga la plastiki kama toi la kwenye gulio? Haiwezekani. Nimelishusha panga boi la sebuleni, nikalitazama lilivyopinda, nikachonga la kwako kwa mninga, nikalipiga msasa mpaka inzi akitua anateleza. Mama Bakili analalamika joto. Mwache alalamike.

Mti wenyewe una habari yake, lakini Jumanne, kondakta wa basi la huko, ameshapiga mluzi, na ukimchelewesha huyu anaondoka na mguu wako mlangoni. Nitakuandikia. Wewe lifunge kwenye ndege yako uwaonyeshe hao wa Songea kwamba kwenu kuna fundi.

Mjomba wako,
Saleh


Songea,
10 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Assalaam aleykum, na shikamoo mara mbili, moja ya salamu na moja ya kukuomba unisikilize mpaka mwisho. Mimi ni mzima. Natumaini sebuleni kumerudi upepo.

Kifurushi nilikifungulia bwenini mbele ya wote. Kila mtu akataka kushika. Ahsante, Mjomba. Sijawahi kupewa kitu kizuri namna hii. Nimelala nacho chini ya mto.

Lakini propela yako haiwezi kuruka. Kalamu imekuwa nzito kuandika hayo maneno, maana kwetu mpwa harudishi mkono wa mjomba wake, nawe ndiye uliyenilea. Ni ile sheria. Propela lazima iwe ileile ya plastiki ya katoni, na hata hiyo ukiipiga msasa unatolewa. Kosa ni langu, sikukuandikia wazi tangu mwanzo kwamba nyingine hairuhusiwi. Mwalimu Aidan anasema iliyochongwa kwa mkono ikipasuka hewani, kipande kinaweza kumpata mtu jichoni, na si kwamba anakudharau.

Kisha akaigeuza geuza akatabasamu. Akasema panga boi lenu linageuka upande wa pili, kwa hiyo hii nayo imepinda upande wa pili, na ningeifunga ndege ingerudi nyuma mpaka jikoni kwa wapishi. Darasa zima liliangua kicheko. Na mimi nilicheka, Mjomba, lakini nilinyoosha mkono anirudishie.

Sasa sikia. Tulikuwa hatuna kombe. Kuna Benigna, rafiki yangu wa Mpitimbi, yeye analala kitanda cha juu na mimi cha chini. Akasema, "Jamani, kombe si hili hapa?" Mwalimu akaniuliza kama naridhia. Mshindi atakaa nalo nyumbani kwao mwaka mzima, halafu litagombewa upya. Nikaridhia. Niliona heri propela yako itazamwe na watu kuliko ilale kwenye sanduku langu la bati. Nimekosea? Niambie tu, hata kwa ukali.

Mpwa wako,
Zulfa


Tunduru,
19 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Salaam aleykum. Hatujambo. Jibu lako sijaliona. Jumanne amefiwa na mkwewe, yuko Masasi kwenye msiba, na kijana anayeshika nafasi yake simwamini hata na nauli yake mwenyewe. Barua hii nimempa mama mmoja muuza korosho anayekuja huko.

Nilisema nitakueleza habari ya mti. Ule ni mchi wa mama yako. Marehemu dada yangu Mwamvua, Mungu amrehemu, ndio mchi aliotwangia tangu anaolewa. Ulipasuka baada ya yeye kwenda, nikakihifadhi kipande kilichobaki kizima darini, miaka yote hiyo, bila kujua nakiwekea nini. Khanga zake ziligawiwa, sufuria zimekwisha toboka. Kitu kingine kilichoshikwa na mkono wake mimi sina.

Alipofariki ulikuwa bado unabebwa mgongoni, humkumbuki. Basi nilipoona mchoro wako nikasema, mtoto wake akirusha kitu angani, mkono wa mama yake uwepo. Nimekwea darini mwenyewe na kiuno changu hiki. Sasa najua kinazunguka huko mbele ya ndege yako, nami nimefurahi mpaka nimenyamaza. Unajua mimi kunyamaza si kazi ndogo.

Mjomba wako,
Saleh


Songea,
25 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, nyinyi natumaini wazima. Nisamehe salamu ni fupi.

Barua zetu zimepishana njiani. Ile yangu anayo Jumanne, akirudi isome kwanza, ndipo usome hii.

Mchi wa mama umekwisha kuwa kombe. Mwalimu ameufungia juu ya kigoda, ameutangaza paredini mbele ya shule nzima, na shule zile mbili zimeshapewa habari. Nikimwendea nikamweleza, atanirudishia, namjua. Lakini nitakuwa nimewanyang'anya wenzangu kitu nilichowapa kwa mdomo wangu. Mkono ulio juu yangu ni wako. Ukisema niuchukue, nitauchukua siku hiyo hiyo hata kama watanisema mpaka nimalize shule.

Usiposema kitu, basi nitaushindania niupate. Nafanya mazoezi kila siku baada ya vipindi. Kona zangu za kushoto sasa zimenyooka, hata Benigna anakiri, na Benigna si mtu wa kukiri.

Mpwa wako,
Zulfa


Songea,
15 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Assalaam aleykum na shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Hukunijibu. Kila mlinzi alipoita majina ya wenye barua nilikwenda getini, nikarudi.

Jana tumeshindana. Ukaguzi nilipita, ila ndege yangu ilikuwa nyepesi, nikabandikwa chuma tumboni. Raundi ya kwanza niliongoza kundi langu. Benigna naye aliongoza la kwake, lakini alipotua ndege ikachomeka pua kwenye mabua ya mahindi na propela ikakatika. Ya akiba alikuwa ameshaivunja mazoezini. Za klabu zimekwisha. Mwalimu akatangaza kwamba sheria inaruhusu kuazima, kwa kuwa zote ni sawa, mwenye nayo ampe.

Mimi nilikuwa nayo, Mjomba. Moja, mfukoni mwa sketi. Na pale uwanjani hakuna mwingine aliyeweza kunipita isipokuwa yeye. Nilisimama nimeishika humo humo mfukoni, namtazama anavyozunguka kuuliza watu, na kombe nalo liko mezani linanitazama. Nilitaka kusema sina. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Halafu akafika mbele yangu, uso umemsawijika, hata hakuuliza, alinitazama tu. Nikaitoa nikampa.

Fainali niliongoza mpaka karibu na mwisho. Nikamsikia nyuma yangu, nikaingiwa na pupa, nikaikata kona ndani ya nguzo. Bendera ikainuliwa. Adhabu yake ni mzunguko wa ziada. Benigna akashinda, mimi wa pili.

Aliniruka shingoni, ananishukuru mbele ya watu wote, analia. Nikampongeza, kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie. Habari ya mchi sijamwambia, na sitamwambia, asije akalichukia kombe lake. Likizo ataondoka nalo kwenda kwao Mpitimbi.

Nisamehe, Mjomba. Nilipewa mkono wa mama mara moja, na nimeupoteza kwa propela ya plastiki.

Mpwa wako,
Zulfa


Tunduru,
24 Septemba 2024

Mwanangu Zulfa,

Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, marahaba tena. Sisi ni wazima. Mama Bakili ametengeneza kashata za ufuta, Jumanne anakuletea. Zihesabu, maana Jumanne namjua.

Barua zako mbili za Agosti nilizipata pamoja, Jumanne aliporudi msibani. Nakwambia kweli, nilinuna. Nilikuwa napiga randa mbao ambazo hazikuomba kupigwa randa. Niliandika kwamba uuchukue, nikachana. Niliandika kwamba uuache, nikachana. Ndiyo maana hukupata jibu, unisamehe na mimi.

Ya tatu imefika jana. Nilimsomea Mama Bakili kwa sauti. Nilipofika pale ulipoitoa ile propela mfukoni, nikarudia mstari huo mara tatu, akaninyang'anya karatasi akamalizia yeye. Akasema, "Saleh, huyu si Mwamvua huyu?" Nikatoka nje.

Nikueleze kitu ambacho sikukueleza. Mchi ule ulikuwa haulali kwetu. Mtaa mzima uliutumia. Mtu akija kuuazima, dada yangu alikuwa hamuulizi atarudisha lini, anamwambia, "Ukimaliza kama kuna mwingine anautaka, mpe huko huko, usijisumbue kunirudishia." Mimi nilikuwa namgombeza. Namwambia Mwamvua, mchi ni wako au wa serikali? Anacheka, anachukua mwiko, anaendelea na kazi yake.

Siku aliyofariki walikuja wanawake kutwanga mpunga wa wageni wa msiba. Nikaingia jikoni kuwapa mchi, sikuuona. Nikatafuta uani, nikatafuta nyuma ya nyumba. Ulikuwa umeazimwa. Tangu asubuhi nilikuwa nimejikaza kiume, nimepokea watu, nimekwenda makaburini. Pale jikoni ndipo nilipokaa chini nikalia.

Ulikuja kupasukia mikononi mwa jirani, naye akaniletea. Mimi nikafanya nini? Nikaufungia darini. Kwa miaka yote aliyoishi dada yangu, mchi wake haukuwahi kufungiwa mahali. Wewe hukuambiwa na mtu, ulikuwa mgongoni hujui hata kutembea, na umeutoa ukaenda kwa watu. Umenishushia kitu kizito, mama. Nashukuru. Nashukuru na hizo sheria zenu za kila mtu kuwa na kitu kimoja, maana bila hizo usingekuwa na cha kumwazima mwenzio. Na mwambie Mwalimu Aidan nimekubali kosa, nimelitazama panga boi upya na kweli linazunguka kinyume.

Benigna mwambie ukweli. Asiogope. Msalimie sana, na wazazi wake Mpitimbi wasalimie. Wakitaka kuupangusa wasitumie maji, watumie mafuta kidogo na kitambaa kikavu. Mwaka ujao akishinda mwingine, ampe huko huko, asijisumbue kuurudisha Tunduru.

Nasi hapa akitokea mtu kuniuliza mchi wa Mwamvua uko wapi, nitamjibu umeazimwa.

Mjomba wako,
Saleh